Kuboresha mtaa kwa nguvu za wakazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mitaa ya Jiji la Mbeya, lakini wa Iringa, Njombe na Makambako watajikuta humo pia: miteremko, udongo unaochukulika upesi, na mvua zinazoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Sehemu kubwa inahusu maji, na ni makusudi. Mtaa wa mlimani ukiwekewa kifusi, taa na maua kabla maji hayajapewa njia yake, msimu mmoja unatosha kuviteremsha vyote bondeni.

## Kuanza

1. Matatizo ya mtaa wetu ni mengi. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kutembea mvua inaponyesha, au mara tu inapokatika. Watu watano au sita wanatosha, wakiwa na mabuti, miavuli na simu ya kupigia picha. Msifuate mipaka ya mtaa, fuateni maji. Pandeni hadi yanakoanzia, hata kama ni mtaa wa wenzenu, kisha shukeni nayo. Andikeni mambo matatu: yanaingilia wapi, yanapita wapi, yanaishia wapi.

Kama ni kiangazi, someni alama zilizoachwa. Mstari wa tope ukutani unaonyesha kina. Mchanga uliotuama unaonyesha maji yalipopungua kasi. Msingi wa nyumba ulioachwa ukining'inia, chini hamna udongo, unaonyesha yalipopita kwa nguvu.

Kisha chagueni kazi moja inayoweza kuisha kwa Jumamosi mbili: mita 50 hadi 100 za mtaro, au kivuko kimoja cha kupita juu ya mtaro kilichokufa. Orodha ya kazi kumi na mbili inapendeza kwenye mkutano, lakini hakuna anayeimaliza.

2. Ni lazima tusajili kikundi?

Kwa kuchimba mtaro, hapana. Inatosha kamati ndogo inayotambuliwa na serikali ya mtaa na kuandikwa kwenye muhtasari wa mkutano. Usajili unahitajika mnapotaka akaunti ya benki kwa jina la kikundi, mkopo wa halmashauri (swali la 9) au msaada wa mfadhili. Hapo mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi, orodha ya wanachama yenye sahihi, na barua ya mtaa.

Ushauri wetu: malizeni kazi moja kwanza. Vikundi vinavyoanza na muhuri na fulana mara nyingi huishia kwenye muhuri na fulana.

3. Barabara na mitaro ya mtaa wetu ni ya nani?

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa hiyo walio kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma wasiguse kitu bila kibali. Barabara nyingine za mjini zilizosajiliwa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Zinabaki njia na vichochoro visivyo kwenye daftari la yeyote. Hivyo ni vya mtaa na wenye viwanja, na ndivyo mnavyoweza kuvishughulikia kwa uhuru zaidi. Mitaa iliyopakana na reli ya TAZARA ijue kuwa reli nayo ina hifadhi yake na ofisi yake.

Msikisie. Nendeni ofisi ya TARURA muulize kama barabara yenu imo kwenye orodha na kwa jina gani. Ikiwa imo, pelekeni barua iliyopitia kwa mtendaji wa mtaa na wa kata, ikiwa na muhtasari wa mkutano, mchoro wa mkono na urefu wa kazi kwa mita. Toeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Barua isiyo na muhuri huo, mwezi ukipita, ni kama hamkuipeleka.

4. Tunaitisha mkutano, watu hawaji. Tufanyeje?

Tumieni siku ambayo watu wameshatoka nje. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi nchi nzima, hivyo mkutano wa dakika 40 baada ya kufagia hupata watu wengi kuliko tangazo la spika. Pitisheni habari kwa mabalozi wa nyumba kumi, kwenye vikoba na makanisani. Na kukiwa na msiba mtaani, ahirisheni siku hiyo hiyo. Mkutano uliofanyika wakati wenzenu wako msibani utakumbukwa kwa ubaya miaka mingi.

## Pesa na nguvukazi

5. Kila kaya ichangie kiasi gani?

Anzeni na vifaa, pesa baadaye. Fundi aandike idadi: mawe mita za ujazo ngapi, saruji mifuko mingapi, mchanga kiasi gani (mfano uko swali la 11). Tafuteni bei kwa wauzaji watatu, ongezeni asilimia 10 ya kupotea na kuvunjika, kisha gawanyeni kwa theluthi mbili ya kaya. Msigawanye kwa kaya zote, kwa sababu hazitalipa zote, na kazi iliyokwama katikati kwa upungufu wa mifuko minane ya saruji huua michango ya miaka mitatu ijayo.

Ruhusuni mchango wa vitu na wa mikono. Asiye na pesa alete toroli tatu za mawe, au achimbe mita mbili. Thamani ya kila kimoja ikubaliwe mkutanoni mapema na iandikwe, vinginevyo maneno hayataisha.

6. Asiyechangia afanyweje?

Mchango wa mtaa ni wa hiari mpaka kuwe na sheria ndogo ya halmashauri inayosema vingine. Kumnyima mtu barua ya utambulisho kwa sababu hakuchangia mtaro si halali, na kunaifanya kamati ichukiwe. Kinachosaidia ni ubao: majina ya waliotoa na walichotoa. Msiandike majina ya wasiotoa. Kila mtu anajitafuta mwenyewe kwenye ubao, na asipojiona anajua.

7. Wapangaji nao wachangie?

Kazi ya mikono na usafi, ndiyo, kwa sababu wanaishi hapo. Saruji, mawe na vivuko vinaongeza thamani ya nyumba, hivyo ni vya mwenye nyumba. Wenye nyumba wengi wako Dar es Salaam au Tunduma. Ombeni namba zao kwa wapangaji, tumeni picha ya ukuta unaoliwa na maji pamoja na bei ya vifaa. Picha hiyo hufanya kazi kuliko barua ya kurasa mbili. Wapo wanaokubali mpangaji alipe halafu wakate kwenye kodi. Makubaliano hayo yawe ya maandishi, hata ya ujumbe wa simu.

8. Pesa zitunzwe vipi zisiliwe?

Anayepokea pesa asiwe anayenunua, na anayenunua asiwe anayeandika daftari. Watu watatu tofauti. Kwenye akaunti, benki au ya simu, watia sahihi wawe watatu na wawili wahitajike kutoa, mmoja wao angalau awe mama. Kila anayetoa apewe stakabadhi yenye namba, hata kama ni shilingi 2,000.

Kila wiki ya kazi bandikeni karatasi moja: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na nani anashika risiti. Mahali pazuri ni dukani au kwenye mashine ya kusaga, ambako watu husimama wakisubiri.

Wizi mwingi wa miradi ya mtaa haufanyiki kwenye pesa taslimu, unafanyika kwenye "tripu", yaani safari moja ya lori la mawe au mchanga. Tripu si kipimo. Kabla lori halijamwaga, chukueni futi, pimeni urefu, upana na kina cha bodi, zidisheni. Bodi ya mita 3.5 kwa 2 kwa 1 ni mita za ujazo 7. Ikija imejaa hadi robo tatu, mmepata 5 na ushei, na mlipe za 5 na ushei. Dereva atanuna, lakini tripu ya pili itakuja imejaa.

9. Ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri unaweza kujenga mtaro?

Hapana. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mikopo ya shughuli zinazoingiza kipato, na inarejeshwa. Mtaro hauingizi kipato. Kikundi cha kuzoa taka kinaweza kuombea guta na vifaa, mradi hesabu zionyeshe ada za kaya zitalipa deni (swali la 19). Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, hivyo fomu za zamani msizitumie.

## Maji ya mvua na mitaro

10. Mtaro wa kando ya njia uwe na ukubwa gani?

Kwa njia ya ndani ya mtaa isiyopokea maji ya mlima: kitako sentimita 40, kina 45, mdomo mita 1. Kuta zilale, zisisimame wima, kwa maana udongo uliosimama wima huanguka mvua ya kwanza na kuziba kitako. Wengi huchimba mfano wa herufi V kwa sababu ni rahisi kwa jembe. Maji hujikusanya kwenye ncha na kuikata chini kama kisu.

Ukubwa huo ni karibu mita za ujazo 32 za udongo kwa kila mita 100. Mtu wa kawaida, akifanya kazi kwa muda wa saa tatu asubuhi, kwa sururu na sepetu, hutoa mita ya ujazo moja. Kwa hiyo watu 32 wanaofanya kazi kweli humaliza mita 100 kwa Jumamosi moja. Wakija 15, pangeni Jumamosi mbili. Udongo utupwe upande wa chini wa mteremko, nusu mita kutoka ukingoni, la sivyo unarudi.

Kama mtaro unapokea maji ya Loleza au kilima kingine chochote, msikisie ukubwa. Ombeni mhandisi wa TARURA au wa halmashauri aje aone.

11. Tunataka kujengea kwa mawe. Vifaa kiasi gani?

Mfano wa mita 60 kwa ukubwa wa swali la 10, mawe ya unene wa sentimita 20: mawe mita za ujazo 18, mchanga 6 hadi 7, saruji mifuko 45, na kwa tahadhari 50. Mtaa wa kaya 100, ukigawanya kwa theluthi mbili kama swali la 5 linavyosema, unaona mwenyewe kuwa ni robo tatu ya mfuko kwa kaya.

Mchanganyiko ni 1 kwa 4. Mfuko wa kilo 50 una lita 35 hivi, kwa hiyo mfuko mmoja unakwenda na ndoo saba za lita 20 za mchanga. Hesabuni ndoo, msihesabu masepetu. Fundi akichoka, sepetu la mchanga hunenepa na la saruji hukonda.

Chini kabisa mtaro unapoishia, jengeni ukuta unaoshuka nusu mita ardhini. Usipokuwepo, maji hula udongo chini ya mawe kuanzia mwisho, na kazi nzima hubomoka kurudi juu, jiwe baada ya jiwe. Mwagilieni siku saba, na Juni na Julai ongezeni siku kadhaa kabla ya kuruhusu mzigo, kwa kuwa saruji hukomaa polepole kwenye baridi.

12. Tutapimaje mteremko bila vifaa vya kitaalamu?

Nunueni mpira mwangavu wa mita 12, ujazeni maji, gongagongeni mpaka mapovu yote yatoke. Povu moja likibaki, kipimo ni uongo. Watu wawili wasimame mita 10 mbali, kila mmoja ashike ncha ya mpira kwenye fimbo. Maji yakitulia, usawa wake ni mmoja pande zote. Pimeni kutoka ardhini hadi kwenye maji pande zote mbili, mtoe tofauti. Sentimita 10 ni mteremko wa asilimia 1.

Chini ya sentimita 5, mchanga utatuama na mtazibua kila wiki. Kati ya 10 na 30, mtaro wa udongo unajiendea vizuri. Ukizidi 40, udongo utaliwa, someni swali linalofuata.

13. Mtaro wetu mpya umegeuka korongo baada ya mvua mbili. Tulikosea nini?

Karibu kila mara ni kasi. Sehemu nyingi za Mbeya zina udongo wa majivu ya volkano, mwepesi. Upande mwingine utakuta vijiwe vinavyoelea ukivitupa kwenye ndoo ya maji. Udongo huo haungoji mafuriko, unaondoka na maji ya kifundo cha mguu.

Dawa ni vizuizi vya mawe vinavyokatiza mtaro, kila kimoja kimo cha sentimita 30. Nafasi kati yake hupatikana kwa kugawa kimo cha kizuizi kwa mteremko: sentimita 30 kwenye mteremko wa asilimia 5 ni mita 6. Maana yake kichwa cha kizuizi cha chini kiwe usawa wa miguu ya kile cha juu. Katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yavuke katikati, kingo ziingie ndani ya kuta za mtaro sentimita 30 au zaidi, na upande wa chini mtandike mawe pale maji yanapoangukia. Kizuizi kilichonyooka kama ukuta hufukuza maji pembeni, yanazunguka, na wiki ya pili kizuizi kimebaki kisiwa.

14. Tuchimbe miezi gani?

Agosti hadi Oktoba. Udongo ni mkavu, watu hawako shambani, na kunabaki muda wa saruji kukomaa. Mwezi wa Mei ni wa kukagua: uharibifu wa msimu bado mbichi na udongo bado laini kwa matengenezo madogo. Novemba msianze chochote msichoweza kumaliza wiki hiyo hiyo. Mtaro wa nusu unapeleka maji yote mahali ulipoishia, na hapo kuna nyumba ya mtu.

15. Vivuko vya kuingia majumbani vitengenezweje?

Adui wa mitaro ni vivuko zaidi ya taka. Kila nyumba inatia bomba lake, moja inchi sita, moja inchi nane, moja gogo. Maji hupita kwenye tundu dogo kuliko yote.

Kubalianeni kipimo kimoja. Penye kivuko mtaro ujengwe wima kwa mawe, upana wa ndani sentimita 50, na kufunikwa kwa vipande vya zege vya 80 kwa 40, unene 10, ili kila upande kikae sentimita 15 juu ya ukuta. Nondo za milimita 10, kila baada ya sentimita 15, zilale chini, sentimita 2 hadi 3 kutoka uso wa chini. Mafundi wengi huziweka katikati au juu, na kipande hukatika bodaboda ya kwanza ikipita na gunia la viazi. Zege ni 1 kwa 2 kwa 4: mfuko mmoja, ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto.

Kipande kimoja kina kilo 75 na zaidi kidogo. Wawili wanakinyanyua, wanne wanakinyanyua bila kuumia. Msivigandishe kwa saruji, vinatakiwa kufunuliwa wakati wa kusafisha. Kwa geti la gari, unene na nondo viamuliwe na mhandisi.

16. Kuna korongo linakula viwanja. Tunaweza kulizuia wenyewe?

Dogo, la kina cha mita moja na nusu hivi, ndiyo. Kubwa kuliko hapo ni la wataalamu, kwa sababu kuta zake huanguka na kufukia watu.

Anzeni juu. Chimbeni mkingamo unaokata maji kabla hayajafika kichwani mwa korongo na kuyapeleka kwenye mtaro imara. Ndipo mweke vizuizi, kuanzia juu kushuka, kwa kanuni ya swali la 13, kingo zikiingia ukutani nusu mita. Sandarusi zilizojazwa udongo zinafaa kwa dharura, lakini jua huzichana ndani ya msimu mmoja au miwili. Zichukulieni kama bandeji. Desemba na Januari, mvua zikikolea, pandeni mabingobingo au vetiva kwa mistari inayokatiza mteremko. Mianzi nayo hushika vizuri, na watu wa Iringa wanajua mwanzi wa ulanzi, pombe ya mianzi, hauna shida ya kupata walinzi.

Msijaze korongo kwa taka. Taka huelea, huziba kalavati la chini, na korongo hurudi.

17. Maji ya paa langu ni machache. Kwa nini mnanisumbua?

Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 linatoa lita 5,000. Nyumba 20 ni lita 100,000, zote kwa saa moja au mbili. Mfereji wa bati na tangi la lita 1,000 humeza milimita 10 za kwanza, na hilo tu linapunguza makali ya mwanzo. Ziada ipelekwe kwenye mtaro kwa bomba, siyo kumwagwa njiani.

## Barabara, taka na taa

18. Tumechanga kifusi kila mwaka na kila mwaka kinaisha. Kwa nini?

Kwa sababu barabara haina mgongo. Kwa njia ya upana wa mita 4, katikati pawe juu ya kingo kwa sentimita 12, na mitaro iwe imeshafanya kazi. Ikibaki bapa, au mbaya zaidi imebonyea kama kitanda cha kamba, maji husafiri katikati na barabara yenyewe ndiyo inakuwa mtaro.

Moramu ya unene wa sentimita 15 kwa mita 100 ni mita za ujazo 60, yaani bodi tisa za lori la mfano wa swali la 8. Ishindiliwe ikiwa na unyevu: bana konzi moja, ikishikana na kuvunjika vipande vichache ukiidondosha, iko tayari. Ikimwagika kama unga, nyunyizieni maji. Ikichafua kiganja kwa tope, subirini. Kifusi cha nyumba zilizobomolewa ni cha kuziba mashimo tu, na mtoe misumari kwanza, bodaboda watawashukuru.

19. Taka zikusanywe vipi zisiishie mtaroni?

Ada na mzabuni hupangwa na halmashauri kwa sheria ndogo, hivyo msianzishe ada yenu pembeni. Kazi ya mtaa ni kusimamia: siku ya gari ijulikane, ghuba la taka liwe mahali guta linafika, na mzoaji asipokuja wiki mbili barua iende kwa mtendaji wa kata. Kikundi kinachotaka kazi hiyo kipime kwanza: kaya 10, wiki moja, kwenye mizani ya dukani. Bila namba hiyo hakijui guta lipige safari ngapi.

Maganda ya ndizi na viazi ndiyo yenye uzito. Lundo la mita 1 kwa 1 kwa 1, likichanganywa na majani makavu na kugeuzwa kila wiki mbili, huwa mbolea kwa miezi mitatu hadi minne kwenye baridi yetu.

Wavu wa nondo wa kuzuia chupa usiwekwe mdomoni mwa kalavati. Uwekwe mita 3 kabla ya kalavati, upande maji yanakotoka, umelala kidogo, nafasi sentimita 10, na awepo mwenye zamu ya kuusafisha. Usiosafishwa ni bwawa.

20. Kuna wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha. Tuwafanyeje?

Ni kosa, na ni njia ya wazi ya kipindupindu. Afisa afya wa kata ana mamlaka chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Lakini ulizeni pia kwa nini. Mara nyingi gari la majitaka halifiki nyumba hiyo. Mkifungua njia, au wenye nyumba wanne wakaagiza gari siku moja na kugawana gharama, wengi huacha. Wasioacha ndio wa afisa afya.

21. Taa za sola zinafaa?

Zinafaa penye kona na vivuko. Paneli ielekee kaskazini, nguzo isipungue mita 5, betri iwe juu na siyo chini. Januari hadi Machi mawingu huzifanya zizime kabla ya alfajiri, hivyo nunueni zenye akiba ya usiku mbili. Msifunge kitu kwenye nguzo za umeme za TANESCO bila ruhusa.

## Mambo magumu

22. Mzee mmoja amejenga ukuta juu ya njia ya maji.

Msianze na barua. Waende watatu, akiwemo balozi na mtu wa rika lake, jioni, bila kalamu. "Shikamoo mzee. Tumekuja kwa ajili ya maji yanayokuingilia." Na kweli humwingilia, maana ukuta unaoziba maji huyakusanya ndani. Mpeni njia ya kutoka: tundu la sentimita 50 chini ya ukuta, mtaa ulete saruji, yeye alete fundi. Ikishindikana, baraza la kata kwa usuluhishi, kisha mipango miji ya halmashauri. Kubomoa ukuta wa mtu usiku kunawageuza ninyi kuwa washtakiwa.

23. Mtaa wa chini unalalamika kuwa tumewapelekea maji yetu.

Huenda wana haki. Mtaro mzuri hufikisha maji haraka na kwa wingi kuliko zamani. Ndiyo maana swali la 1 linasema fuateni maji na si mipaka. Kaeni na mwenyekiti wao kabla ya kuchimba, na diwani awepo kama mitaa iko kata moja. Mara nyingi jibu ni kuanza kuchimba chini kupanda juu, hata kama pesa ni zenu.

24. Tumekata bomba la maji. Tufanye nini?

Fungeni koki ya karibu, pigeni simu mamlaka ya maji, simamisheni kazi hapo. Msifunge kwa kipande cha mpira wa baiskeli na kufukia, kwa sababu maji ya mtaro yataingia kwenye bomba presha ikishuka. Kabla ya kuchimba, mamlaka ya maji iombwe kuonyesha njia ya mabomba, na kila mwenye nyumba aonyeshe lake. Mengi yako kina cha sentimita 30 tu. Wekeni vigingi vyenye kitambaa chekundu.

25. Nyumba zetu ziko kando ya mto. Tunaweza kujenga ukuta wa kuzuia?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kupanda matete na mianzi na kuzoa taka kunaruhusika na kunasaidia. Kujenga ukuta bila kibali cha ofisi ya bonde la maji hakuruhusiwi, na ukuta wa upande wenu huhamishia mto ng'ambo.

26. Kazi imekwisha. Nani atasafisha mtaro?

Aliye mbele yake. Siku ya kumaliza, kabla watu hawajatawanyika, pigeni rangi kwenye mawe kila mpaka wa kiwanja na kuandika namba ya nyumba. Vipande visivyo mbele ya nyumba, kama kona, kalavati na mwisho wa mtaro, vigawiwe kwa zamu za nyumba tano tano. Usafi mkubwa ni mara tatu: Oktoba mwishoni, siku moja baada ya mvua kubwa ya kwanza, na katikati ya Februari. Mchanga unaotolewa usirundikwe ukingoni. Kama ni safi mafundi huutaka, na pesa yake inanunua saruji ya kuziba nyufa mwezi wa Mei.